Riwaya ya safari ipimwe kwa njia yake, si kwa semi zake

Mhariri,

Wahakiki wengi wana desturi ya kuisifu riwaya ya kifalsafa kwa kunukuu semi tatu nne zilizomo, kisha wanafunga kwa kusema kitabu kina "ujumbe mzito". Sifa ya namna hiyo inampotosha msomaji, na inampotosha zaidi kijana anayekaa kuandika ya kwake. Riwaya ya mtu anayesafiri kutafuta maana ya maisha husimama au huanguka kwa jinsi njia yake ilivyojengwa: nani kamtuma msafiri, amebeba nini, kila kituo kinamnyang'anya nini, na akirudi anapokelewaje.

Tuanze na Shaaban Robert, maana kila aliyepita shule anamjua. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, wajumbe sita wanatumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Lakini msomaji hasafiri nao moja kwa moja. Habari zao anazisikia barazani, kutoka kinywani mwa Karama, mshtakiwa anayejitetea. Ufundi uko hapo. Safari imegeuzwa ushahidi, na kila kituo kinasikilizwa na watu wenye uwezo wa kumwangamiza msimulizi. Tena kila mjumbe alirudi na jambo la kuifaa nchi yake, akaishia gerezani. Uzito haupo kule walikokwenda, upo mlangoni pa kurudia. Ni kweli pia kwamba safari sita zenye mwisho wa aina moja huanza kuchosha ifikapo ya nne. Kinachomshika msomaji ni kesi inayoendelea. Iondoe kesi, kitabu kinabaki rundo la hekaya zinazofanana.

Hapo ndipo miswada mingi ya siku hizi inapokwama. Msafiri anapita vituo vinane au tisa, kila kituo kina mzee mmoja mwenye mvi, na kila mzee anatoa hotuba. Mwandishi akiulizwa kwa nini mzee wa tatu hakuwa wa sita, hana jibu. Jaribio ni rahisi: badilisha sura ya tatu na ya tano. Kama hakuna kitu kinachovunjika, njia haijajengwa, kilichopo ni foleni. Kwa riwaya ya maneno elfu hamsini hivi, vituo vinne au vitano vinatosha, na kila kimoja kiache pengo ambalo kituo kinachofuata hakiwezi kuendelea bila hilo. Aliyepoteza fedha kituo cha kwanza afike cha pili akiwa mwombaji. Aliyeomba afike cha tatu akiwa na deni. Swali lake nalo libadilike njiani. Aliyeondoka nyumbani akiuliza "kwa nini baba yangu alituacha?" anaweza kufika katikati akiuliza kama yeye mwenyewe angebaki. Swali linaloanza kwa "maana ya kuwepo" halina mahali pa kwenda, kwa kuwa limekwisha kuwa kubwa kabla mtu hajafunga mzigo.

Kuhusu wazee wenye hekima, Euphrase Kezilahabi aliwapa waandishi dawa katika riwaya yake Mzingile (1991), ila wachache wameinywa. Msafiri wa mle anamwendea mzee Kakulu, ambaye kwa sura zote ndiye angepaswa kuwa na majibu, lakini anamwendea akiwa na habari ya kumpa: mwanawe amefariki. Mjumbe anajua jambo ambalo mkubwa hajalijua. Mazungumzo yao hayawezi tena kuwa hotuba, kwa sababu aliyeketi anahitaji kitu kwa aliyesimama. Mwandishi yeyote anaweza kuliiga hili bila kuiba neno hata moja: kabla mwenye hekima hajafungua kinywa, amua anataka nini kwa msafiri. Anataka maji? Msamaha? Anataka aondoke haraka kabla ya usiku? Akiwa hataki chochote, mtoe.

Nagona, kitabu chake kilichotangulia Mzingile kwa mwaka mmoja, kimeigwa vibaya zaidi. Waigaji wanachukua ndoto, wanachukua majina ya wanafikra wakubwa, wanachukua miji isiyo na watu, halafu wanaacha ufupi. Kezilahabi alikuwa msomi wa falsafa hasa. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Pamoja na elimu yote hiyo, alipogeukia safari hii aliandika vitabu vyembamba sana. Fumbo halivumilii kurasa mia nne. Msomaji akibaki gizani muda mrefu bila kitu cha kushika mkononi, anaacha kutafuta njia na kuanza kutafuta usingizi.

Hicho cha kushika mkononi ndicho kinachokosekana mara nyingi. Waswahili waliandika habari za safari zenyewe kabla ya kuandika riwaya. Salim bin Abakari alieleza safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, na simulizi hiyo imo katika Safari za Wasuaheli, mkusanyiko uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901. Maandishi ya namna hiyo yalishughulika na njia, hali ya hewa, watu na mambo yao. Riwaya ya kifalsafa inataka kwenda mbali zaidi ya hapo, sawa, lakini mwandishi hutupa yote, hata viatu vya msafiri. Matokeo yake ni sentensi kama hii: "Alihisi utupu mkubwa moyoni mwake." Utupu wa nani, saa ngapi, baada ya nini? Linganisha na hii: "Alifika kivukoni jua limezama. Mwenye mtumbwi akataka nauli kwanza. Akaivua pete ya mamaye, akampa, kidole kikabaki na alama ya duara." Utupu umo, na hakuna aliyeutaja.

Vitenzi navyo hutoa siri. Njia huenda kwa -ka-: akavuka, akalala, akaamka, akakuta daraja limekatika. Mahubiri huenda kwa hu-: binadamu hutafuta, moyo husahau, dunia hudanganya. Chukua kurasa kumi za mswada, pigia mstari kila kitenzi cha hu- kilicho kinywani mwa msimulizi. Vikikaribia robo ya vitenzi vyote, msafiri ameketi kivulini na mwandishi amepanda mimbari. Na sentensi yoyote inayofaa kupigwa chapa kwenye kanga, ifutwe, hata kama ndiyo mwandishi anayoipenda kuliko zote. Hasa hiyo.

Kosa la mwisho ni la kipimo. Mwandishi anatumia kurasa zote kwenda, msafiri anafika kileleni, anaelewa, kitabu kinafungwa. Kuelewa akiwa peke yake mlimani ni kazi nyepesi, hakuna wa kumbishia. Tenga walau moja ya tano ya kitabu kwa ajili ya kurudi: nyumba imeuzwa, mke ameolewa kwingine, mdogo wake hataki kusikia habari za mlima. Kama msafiri hatarudi, basi msomaji ajue nani anamsubiri na anasubiri nini.

Shule nazo zina sehemu yao katika jambo hili. Tumezoea kumpa mwanafunzi orodha ya maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo, falsafa ya mwandishi. "Falsafa" inakuwa kisanduku cha kujazwa kwa sentensi moja, kwa kawaida kwamba mwandishi anaamini ukweli hushinda. Mwanafunzi anaipekua riwaya akitafuta sentensi hiyo, akiikosa anasema kitabu ni kigumu. Mwalimu akimwambia kwanza achore njia kwenye karatasi moja, mahali kwa mahali, na pembeni mwa kila mahali aandike msafiri amepoteza nini, hata Nagona kinaanza kufunguka. Kisha asome mara ya pili. Ni kitabu kifupi, muda upo.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Mhakiki akileta makala kuhusu riwaya ya aina hii, mtake ataje vituo vya safari, aeleze kituo kipi kingeweza kuondolewa bila hasara, na aseme kurasa ngapi zimetumika katika kurudi. Nukuu zisizidi moja.

Wahariri wa miswada