Tuanze na mizani, mapipa baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu taka za mji wetu wa Moshi.

Tunapenda kusifiwa usafi, na sifa hiyo tumeitolea jasho. Lakini pita Pasua Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya usafi tuliyoizoea tangu 2016, uone tunavyofanya. Tunafagia, tunazibua mitaro, kisha maganda ya ndizi, chupa za maji, nepi na maboksi vyote vinatumbukizwa kiroba kimoja. Mtaa unang'aa, dampo linanenepa.

Huku nyuma wapo kinamama na vijana wanaoamka alfajiri kuokota makopo. Mmoja hupita kwangu. Aliniambia mnunuzi akikuta chupa ina mchuzi au maji ndani, anakata kilo. Na chupa ya nusu lita ni nyepesi mno, kilo moja inakula makumi ya chupa. Vifuniko navyo ni plastiki ya aina nyingine, inabidi avitoe kimoja kimoja. Kwa hiyo tunapochanganya taka jikoni, tunamnyang'anya mtu ujira wake wa siku bila kujua.

Miaka michache iliyopita tuliletewa mapipa matatu ya rangi. Zikapigwa picha, zikatolewa hotuba, ila hakuna aliyepangiwa kuyamwaga. Moja sasa linakinga maji ya mvua nyumbani kwa mtu. Simlaumu, lilikuwa pipa zuri.

Ombi langu ni dogo. Jumamosi ileile ya usafi, ofisi ya mtaa itoe uwanja kwa nusu siku. Mnunuzi wa chakavu aje, na bei itangazwe mapema msikitini, kanisani na kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, ili asije na bei ya mfukoni. Wenye baa na shule walete chupa na karatasi zao. Waokota makopo ndio wapime na kuchambua, maana kazi wanaijua kuliko sisi. Wakijisajili kikundi, wanaweza hata kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, wapate guta lao.

Maganda yasifike dampo kabisa. Wafugaji wa ng'ombe wa ndani wanayatafuta. Wanachoogopa ni nailoni na nyembe zilizojificha humo.

Wapo watakaosema watu hawabadiliki. Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, vikapu vilirudi sokoni Mbuyuni.

Mfanyabiashara mmoja wa mahindi jirani yangu amekubali kutuazima mizani yake. Mwenyekiti wa mtaa nimeshamwona mara mbili kuhusu uwanja; ameniambia nirudi Jumatatu.

Wako,
Mkazi wa Pasua,
Moshi.