Side, hebu nikueleze hizi pasi

Mwanangu Side,

Mambo vipi, mko poa wote hapo Tanga? Voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho, ile unayosema mpira wa Wamarekani ni watu kugongana tu halafu mmoja anarusha mbali anamwachia Mungu. Aisee hapana, hii siwezi kuipitisha hivi hivi, lazima nikuandikie, maana toka nimehamia huku Ohio huu mchezo umeniingia kabisa na kilichoniingiza ni hizo hizo pasi.

Sikia. 1969 hapa Cincinnati timu ya Bengals ilikuwa na kwotabeki (yule anayerusha pasi) kijana anaitwa Greg Cook, mkono balaa, mpira anautuma mbali kinoma. Akaumia bega msimu wake wa kwanza tu, ndo ikawa basi tena. 1970 akaja Virgil Carter, huyu ana akili na shabaha ila mkono wa kawaida. Kulikuwa na kocha msaidizi, Bill Walsh, akajiuliza huyu jamaa nimpe kazi gani anayoiweza? Uwanja una upana wa yadi 53 na kitu, akaamua kuutumia huo upana wote, pasi fupi fupi, yadi 5, 6, watu watano wametawanyika kulia kushoto, ukishaudaka unakimbia nao mwenyewe. Msimu ule walianza kwa kufungwa mechi 6 kati ya 7, wakaja kushinda 7 zote zilizobaki wakaongoza kundi lao! Na 1971 Carter akaongoza ligi nzima kwa pasi zilizofika, asilimia 62.2.

Ila utamu wenyewe uko kwenye miguu. Kwotabeki akishapokea mpira anarudi nyuma kwa hatua za kuhesabu, tatu au tano, na hizo hatua zimepimwa kwa mbio za risiva (mdakaji wa pasi), kwa hiyo ule mguu wa tano ukikanyaga mpira unatakiwa utoke na risiva hapo hata hajageuka, anageuka anaukuta huo unakuja kifuani. Wa kwanza kabanwa? Macho kwa wa pili. Naye kabanwa? Wa tatu, na huo mpangilio wameufanyia mazoezi wiki nzima. Halafu mchoro mzuri wa kocha hauhangaiki na mabeki wote, unamtafuta mmoja wa kumtesa. Unampitisha risiva mmoja mbele yake yadi 5, mwingine nyuma yake yadi 15, upande ule ule. Beki akipanda mpira unaenda nyuma, akirudi unampa wa mbele. Sasa afanye nini? Kote kaliwa! Mimi hapo ndo huwa nashika kichwa kwa raha, maana bao limeshafungwa kwenye karatasi kabla mtu hajakimbia.

Ukocha mkuu Bengals hawakumpa Walsh, akaondoka, 1979 akachukua timu ya San Francisco 49ers, mwaka huo wakashinda mechi 2 tu kati ya 16. Ndo mwaka aliomchukua kwotabeki Joe Montana, kwenye zile raundi za timu kuchagua wachezaji wapya yeye kachaguliwa ya tatu, wenzake wengi wameshachukuliwa kabla yake. Miaka miwili mbele, Super Bowl, yaani fainali ya ligi, na wanaocheza nao ni nani? Bengals! 26-21. Januari 1989 wakakutana tena, 49ers wako nyuma 16-13, zimebaki dakika 3 na kidogo, mpira uko yadi 8 tu kutoka mstari wa goli lao wenyewe. Mtu wa kuomba Mungu angerusha mbali. Montana akatembea nao yadi 92, pasi hapa pasi pale, risiva Jerry Rice akidaka kadhaa, na ile ya mwisho mchoro ulikuwa wa Roger Craig ila Craig kabanwa, akampa John Taylor katikati, zimebaki sekunde 34. 20-16. Ule mfumo ulizaliwa Cincinnati ukawapiga Cincinnati mara mbili, na huku wazee bado wanaumia wakiuongelea.

Kwa hiyo ukikutana na mechi kwenye TV usiufuate mpira. Chagua beki mmoja wa katikati, mkazie macho yeye tu, uone anavyovutwa huku na huku, halafu nitumie voisi nyingine uniambie.

Nisalimie shemeji na watoto, na Bi Mkubwa mwambie namuombea afya.

Ndugu yako,
Hamisi