TV yako bado haijui kuwa imeunganishwa na kompyuta

Swali tunaloulizwa zaidi hapa dukani kwetu, karibu na Makoroboi jijini Mwanza, ni fupi: "Fundi, mna waya wa kuunganisha laptopu na TV?" Waya tunao. Ila tukikuuzia bila kukuuliza chochote tutakuwa tumekutendea vibaya, kwa sababu wengi hurudi kesho yake wakisema waya ni mbovu, na tukiupima hauna tatizo lolote. Picha imekatwa pembeni, au maandishi yana ukungu, au sauti imebaki kwenye laptopu huku picha ikiwa ukutani. Yote hayo yana dawa, na sehemu kubwa ya dawa hiyo haiuzwi, iko kwenye rimoti yako.

TV imetengenezwa ionyeshe mpira, taarifa ya habari na tamthilia, vitu ambavyo mtu anavitazama akiwa ameegemea kochi. Kompyuta inadai kitu kingine kabisa: herufi ndogo zisomeke na kila nukta ikae mahali pake. Mpaka uiambie, TV inaendelea kuichukulia kompyuta kama king'amuzi. Hapa tutaeleza namna ya kuiambia, na pia namna ya kuunganisha bila kuunguza kitu, maana kwa sisi tunaokaa kando ya Ziwa Victoria, jambo hilo la pili si la kupuuza.

Tazama matundu kabla hujatoa hela

Geuza TV uangalie mgongoni na ubavuni, kisha angalia kompyuta. Kama pande zote mbili kuna tundu la HDMI, lile bapa lililokatwa kona mbili za chini, kazi yako ni nyepesi. HDMI ilitoka mwishoni mwa 2002, na uzuri wake ni kwamba waya mmoja unabeba picha na sauti kwa pamoja.

Mambo huwa magumu kwenye kompyuta za mtumba, na Mwanza zimejaa tele: maofisini, mashuleni, kwenye stationari za kule Nyegezi na Malimbe karibu na chuo. Kompyuta nyingi za mezani za zamani hazina HDMI. Zina VGA, tundu lenye pini 15 na sehemu mbili za skrubu, lililoletwa na IBM mwaka 1987, na mara nyingine zina DisplayPort, ambalo mtu akiwa na haraka anadhani ni HDMI. Liangalie vizuri: DisplayPort limekatwa kona moja tu. Tafadhali usilazimishe waya wa HDMI humo. Inatosha adapta ndogo ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI, na sauti inapita vizuri.

VGA ndiyo inayowapotezea watu pesa. Inabeba picha peke yake, bila sauti, tena kwa njia ya analojia, wakati HDMI ni ya dijitali. Kwa hiyo katikati lazima kiwepo kifaa cha kubadilisha, chenye mkia wa USB wa kuchukulia umeme na kijiwaya cha kuchomeka kwenye tundu la sauti. Waya mtupu wenye kichwa cha VGA huku na cha HDMI kule, usio na mkia wowote, hautatoa picha ya kompyuta kwenye TV. Uache hapo hapo mezani kwa muuzaji. Pia vifaa hivi vina upande wa kuingilia na wa kutokea: kinachotoa HDMI kwenda VGA hakiwezi kufanya kazi kinyume. Soma maandishi yaliyo juu yake au mwambie muuzaji waziwazi kipi ni kompyuta na kipi ni TV.

Laptopu mpya nyembamba zina tundu dogo bapa lenye ncha za mviringo, la USB-C. Si kila USB-C inatoa picha, nyingine ni za chaji na mafaili tu, na kwa macho zinafanana. Hiyo iletwe tuipime kabla hujanunua adapta.

Wapo wanaouliza kuhusu TV ya chogo. Vifaa vya kuipeleka picha kwenye zile pini za njano, nyekundu na nyeupe vipo, na filamu itatazamika. Lakini mfumo ule una mistari 576 tu ya picha, na barua uliyoiandika kwenye Word haitasomeka. Kwa kazi ya maandishi hatukushauri, hata kama kifaa tunakiuza.

"No Signal"

Waya umechomekwa na TV inasema hakuna kitu. Chukua rimoti, bonyeza kitufe cha "Source" au "Input", kisha chagua namba ileile iliyoandikwa pembeni ya tundu ulilochomeka, HDMI 1 au HDMI 2. Bado hakuna? Kwenye kibodi shikilia kitufe cha Windows ubonyeze P. Yatatokea machaguo manne, na inafaa uyaelewe kwa sababu utayatumia kila siku. "PC screen only" inafunga TV. "Duplicate" inaonyesha kitu kimoja pande zote mbili. "Extend" inaifanya TV kuwa meza ya pili: kanisani, kwa mfano, maneno ya wimbo yanakaa kwenye TV huku mhusika akitafuta wimbo unaofuata kwenye laptopu bila waumini kumwona akihangaika. "Second screen only" inazima kioo cha laptopu na kuiachia TV peke yake.

Hili la mwisho ni mkombozi kwa mwenye laptopu iliyovunjika kioo. Mara nyingi kompyuta yenyewe ni nzima, na kazi zako zote zimo. Kabla hujafikiria kununua nyingine, iunganishe na TV ya nyumbani, utoe mafaili yako, au uendelee kuitumia hivyo hivyo hadi upate hela ya kioo.

Picha imetoka, sasa iambie TV ukweli

Hapa ndipo tunapoomba umakini wako, kwa sababu wengi huishia kwenye picha kutokea na kukubali kuumia macho miaka yote.

Dalili ya kwanza ni kingo kukatwa. Ule mstari wa chini wenye saa na kitufe cha Start umeliwa nusu. TV za chogo zilikuwa zinaficha kingo za picha makusudi, kwa sababu kingo zile hazikuwa zimenyooka, na TV bapa zimerithi tabia hiyo ingawa hazina haja nayo. Ingia kwenye mipangilio ya picha, sehemu ya ukubwa wa picha. Samsung huita "Screen Fit" au "Fit to Screen", LG huita "Just Scan", Sony huita "Full Pixel", na nyingine zina neno "Overscan" ambalo unalizima. Papo hapo kingo zinarudi.

Dalili ya pili ni ukungu kwenye maandishi. Laptopu nyingi za mtumba zina kioo cha nukta 1366 kwa 768, na TV ya Full HD ina 1920 kwa 1080. Ukiwa kwenye "Duplicate", kompyuta inatafuta kipimo ambacho vioo vyote viwili vinakiweza, kisha TV inaivuta picha hiyo ndogo mpaka ijae. Herufi lazima zivimbe. Hamia "Second screen only" au "Extend", halafu kwenye "Display settings" chagua kipimo kilichoandikwa "Recommended". Maandishi yakiwa makali lakini madogo mno kuyasoma ukiwa mbali, usishushe tena hicho kipimo. Ongeza "Scale" hadi asilimia 150 au zaidi, na ukali wake utabaki.

Kumbuka pia kwamba TV nyingi za inchi 32 zenye neno HD kwenye boksi zina nukta 1366 kwa 768 tu. Zinafaa kwa filamu na kwa kibao cha bei cha mgahawa. Kwa mhasibu anayeshinda kwenye jedwali la Excel tunasema wazi: nunua monita ya kompyuta, hata ya mtumba, hata kama ni ndogo kuliko TV hiyo.

Dalili ya tatu watu huiona bila kujua jina lake. Maandishi meusi yako sawa, lakini mekundu juu ya buluu yanachuja na kuingiliana. TV hupunguza taarifa za rangi ili kurahisisha kazi ya video, jambo ambalo kwenye mpira huwezi kuligundua, ila kwenye herufi linaonekana. Dawa yake ni kuliita tundu lile "PC". Kwenye Samsung na LG unaingia kwenye orodha ya vifaa, unachagua ile HDMI, unahariri jina au picha yake na kuweka "PC". Neno hilo linabadilisha namna TV inavyoichakata picha nzima. Ukiwa humo, shusha pia "Sharpness". Inaitwa ukali, lakini kazi yake ni kuchora mstari mweupe kuzunguka kila herufi.

Wenye TV za 4K (zenye nukta mara nne ya Full HD) mnaotumia laptopu za zamani kidogo, mshale wa mausi ukiwa mzito na unaruka, si virusi. HDMI za toleo la 1.4, lililotoka 2009, zikipeleka 4K huishia picha 30 kwa sekunde. Rudisha kipimo cha 1920 kwa 1080, picha 60 kwa sekunde, na mshale utakimbia.

Sauti ni jambo dogo: bonyeza alama ya spika chini kulia, fungua orodha ya vifaa, chagua jina la TV yako. Na kama ni filamu ya kulipia tu inayogeuka nyeusi huku mengine yote yakionekana, ni ulinzi wa hakimiliki umekikataa kifaa cha kubadilishia. Tumia HDMI moja kwa moja.

Umeme na radi

Kila msimu wa mvua tunaletewa TV na laptopu zilizokufa tundu la HDMI, na mwenyewe anaapa kuwa hakuzidondosha. Tunamwamini. Chaja nyingi na TV nyingi zina plagi ya pini mbili, au zina pini tatu lakini zimechomekwa kwenye ekstensheni isiyo na waya wa ardhini. Ndiyo maana ukipapasa chuma cha laptopu ikiwa kwenye chaja, vidole vinatekenywa. Ni umeme mdogo unaovuja kupitia vichujio vya chaja na kukosa pa kwenda. Haukuui, lakini ukichomeka HDMI wakati vifaa vyote viwili viko kwenye umeme, umeme huo unaweza kukimbilia kwenye zile pini nyembamba. Kwa hiyo zima ukutani, chomoa chaja, chomeka HDMI, ndipo urudishe umeme. Ukitaka kuutoa, fuata utaratibu huohuo. Na soketi zako ziwe na waya wa ardhini wa kweli. Fundi umeme anaupima kwa muda mfupi.

Radi ni habari nzito zaidi. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Usiku pepo za nchi kavu hutoka pande zote za ufuko na kukutana juu ya maji, mawingu yanapanda, na ngurumo zinaanza wakati watu wamelala na TV zimeachwa zimechomekwa. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga jirani, waya wa dishi au antena unaweza kuleta mshtuko hadi kwenye TV, na kama HDMI imechomekwa, unaendelea hadi kwenye kompyuta yenye kazi zako zote. Stabilaiza haitoshi hapo, maana inalinda njia ya soketi tu na haihusiki na waya wa dishi. Kuanzia Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, jizoeze kuchomoa vyote unapokwenda kulala: soketi, dishi na HDMI.

Tundu moja likifa, jaribu la pili kwenye TV hiyohiyo kabla hujakata tamaa. Likiwa limelegea tu, tunalichomea jipya. Ikiwa chipu ya ndani ndiyo imeungua, tutakuambia kabla ya kuanza kazi, ili uamue mwenyewe kama inafaa kugharamia.

Bila waya

TV nyingi za kisasa zinapokea picha hewani. Kwenye Windows 10 au 11 bonyeza kitufe cha Windows na K, na kwenye TV fungua "Screen Share", "Screen Mirroring" au "Miracast", jina hutegemea kampuni. Vifaa viwili vinaongea vyenyewe, kwa hiyo bando lako haliguswi. Kwa picha za harusi na somo la darasani inatosha kabisa. Kwa mpira na michezo ya kompyuta hapana, picha inachelewa na kukwama.

Kwa ukumbi mkubwa waya bado ndio wa kutegemewa, ila HDMI ya kawaida huanza kusumbua ikizidi mita 10 hivi. Kwa makanisa na kumbi za mikutano tunakuja kupima umbali wenyewe, kisha tunaweka waya wenye kikuza nguvu ndani yake, na tunaupitisha ukutani mahali ambapo hakuna mtu atakayeukanyaga.

Kupima hapa dukani ni bure. Njoo na laptopu pamoja na chaja yake. TV iache nyumbani, piga tu picha ya matundu yake kwa simu. Ninyi mnaotoka Ukerewe, tutumieni picha hizo WhatsApp kabla hamjapanda meli, za mgongo wa TV na za ubavu wa kompyuta, mkipiga kwa karibu ili maandishi ya kila tundu yasomeke. Tutawajibu mnahitaji nini, na kama kinachotakiwa ni kubadilisha mipangilio tu, tutawaelekeza kwa simu mbaki nyumbani.