Anzeni na karatasi ya matokeo ya kituo cha kura: barua kwa wapiga kura wasio na chama wa Busia, Malaba na Tororo, Uganda

Wanangu,

Salamu nyingi. Habari zenu zimefika: mmejikusanya watu msiotaka kadi ya chama chochote, mnadai uchaguzi urekebishwe, na kikao cha kwanza kimeishia kwenye ubishi wa nani agombee ubunge. Ubishi huo uacheni.

Mgombea binafsi na mpiga kura asiye na chama si kitu kimoja. Ibara ya 72 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kusimama bila chama, na Bunge la 11 lilikuwa na wabunge binafsi zaidi ya 70. Lakini wangapi kati yao walikuwa huru kweli? Wengi walibwagwa kwenye kura za mchujo za chama chao, wakachukua alama yao, wakarudi kukaa karibu na walewale. Hawajiungi rasmi kwa sababu Ibara ya 83 inamvua kiti mbunge binafsi anayeingia chamani katikati ya muhula. Nyinyi mkisimamisha mtu, ada ya uteuzi ni shilingi 3,000,000, na wapiga kura 10 wa kumpendekeza mtawapata kabla ya chai kupoa. Baada ya hapo kuna mafuta, mabango, na mawakala wa kila kituo. Mfuko wenu utakauka kabla hamjamaliza gombolola (kata) ya tatu. Baya zaidi, siku mtakapopeleka ushahidi wa wizi wa kura, mtaambiwa ni kilio cha mtu aliyeshindwa.

Kuhusu usajili, kuweni waangalifu. Sheria ya vyama ya 2005 inaliita shirika la kisiasa hata kundi lisilosimamisha mgombea, mradi shabaha yake ni kusukuma siasa. Ili kusajili shirika la namna hiyo mnatakiwa wanachama 50 katika kila wilaya, kwenye angalau theluthi mbili za wilaya zote. Kwa uchaguzi wa 2021 theluthi mbili zilihesabiwa kuwa wilaya 98, maana yake watu 4,900 kutoka Kisoro hadi Karamoja. Nyinyi bado hamjafika Iganga. Jisajilini kama kikundi cha jamii kupitia wilaya, chini ya sheria ya mashirika ya 2016, na katika katiba yenu andikeni mnachofanya kweli: kukagua daftari la wapiga kura, kufundisha watu haki zao, kutunza kumbukumbu za vituo. Kisha fanyeni hicho hicho. Kikundi kilichoandika elimu ya uraia halafu kikakutwa kinagawa fulana za mgombea kinafungwa asubuhi moja.

Mkitaka mkutano wa hadhara, pelekeni taarifa polisi siku zisizopungua tatu na zisizozidi 15 kabla ya siku yenyewe. Chukueni nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 8 cha sheria ya mikutano, kile kilichompa polisi mamlaka ya kuzuia. Nakala yenye mhuri ndiyo itakayowasaidia barabarani, kuliko kumhutubia askari juu ya haki.

Sasa daftari. Daftari letu halina safu ya chama, kwa hiyo nyinyi na mwenye kadi mko sawa mbele yake, na hakuna wa kuwauliza mmetumwa na nani. Sheria ya Tume ya Uchaguzi inataka nakala ya kila parishi (eneo dogo la utawala ndani ya gombolola) ibandikwe siku zisizopungua 21, lakini tarehe zenyewe someni kwenye tangazo la Tume. Watu huenda, huangalia jina lao, hurudi nyumbani. Hiyo ni robo ya kazi. Gawaneni vituo, wawili wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akiandika kwenye daftari la shule: marehemu, waliohama, jina lililorudiwa, na aliye hai mwenye endagamuntu (kitambulisho cha taifa) ambaye hayumo. Kila pingamizi liwe na ushahidi wake: barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), cheti cha kifo kikiwepo. Hapo pana mtego. Baada ya baraza la parishi kuamua, hubandikwa orodha ya pili ya wanaopendekezwa kufutwa au kuongezwa, kwa siku zisizopungua sita. Orodha hii haina wasomaji, na ndiyo inayomfuta mtu mzima kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Wekeni watu wenu wenye nguvu mpya kwenye siku hizo sita, si wale waliochoka na 21 za kwanza.

Lakini kama mna nguvu ya jambo moja tu, liwe fomu ya matokeo ya kituo, ile watu wanayoiita fomu ya DR (Declaration of Results, yaani tangazo la matokeo).

Kura hupigwa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, na aliye kwenye mstari saa kumi ikifika anapiga. Kisha sanduku linafunguliwa palepale chini ya mwembe na kura zinahesabiwa mbele ya watu. Msimamizi anajaza fomu, mawakala wanatia sahihi, kila wakala anapewa nakala, nyingine inaingia sandukuni, na moja inabandikwa kituoni. Mambo huharibika kwa njia zinazojulikana. Wakala anatia sahihi fomu tupu saa sita mchana kwa kuambiwa kutakuwa na haraka jioni. Wakala mwingine anaondoka saa tisa kwa njaa, kwa sababu aliyemteua hakumpa hata chapati. Idadi iliyoandikwa kwa tarakimu haifanani na ile ya maneno. Nakala ya chini kabisa inatoka hafifu, 7 inasomeka kama 1, na mtu anakubali kwa kuwa giza linaingia. Mwambieni kila anayekwenda: shika kalamu yako mwenyewe, andika namba ya kwanza na ya mwisho ya vitabu vya kura asubuhi vinapofunguliwa, na jioni jumlisha kura halali na zilizoharibika kabla hujagusa fomu. Jumla ikizidi idadi ya kura zilizotolewa, sema hapohapo na udai iandikwe.

Mgombea ana haki ya mawakala wasiozidi wawili kwa kituo. Kundi lenu halina haki hiyo. Ombeni Tume iwape kibali cha uangalizi, na mapema, kwa maana wiki ya mwisho ofisi ya wilaya haina mtu wa kuwasikiliza. Kibali hakiwapi nakala ya fomu, kwa hiyo mnategemea ile iliyobandikwa. Simu isitoke mfukoni wakati watu wanapiga kura. Subirini fomu ibandikwe, piga picha ukiwa nje ya kamba, karatasi nzima na pembe zake nne, kisha picha nyingine inayoonyesha karatasi na jina la kituo pamoja. Tumeni kwa watu wawili tofauti usiku huohuo. Mtandao ukizimwa, andikeni hesabu kwenye karatasi, msomaji na shahidi watie sahihi, mwenye boda aipeleke mjini.

Naikazania karatasi hii kwa sababu ya mahakama. Katika kesi za urais za 2001 na 2006, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba sheria ilivunjwa, lakini majaji wengi, 3 kwa 2 kisha 4 kwa 3, wakasema haikuthibitishwa kuwa matokeo yaliathirika kwa kiasi kikubwa. Hasira haipimi kiasi. Kinachopima ni vituo, kimoja kimoja, kwa tarakimu. Na picha ya simu peke yake haitoshi: Mahakama ya Juu iliwahi kuzikataa fomu za kituo zisizothibitishwa na Tume. Anayepinga matokeo ya ubunge ana siku 30 tangu yatangazwe kwenye Gazeti la Serikali, na nakala zenye mhuri wa Tume aziombe kwa maandishi siku ya kwanza, si ya 25. Picha zenu zitamwambia aombe vituo gani.

Juu ya marekebisho yenyewe, dai lenu la kubadili namna Tume inavyoteuliwa ni la haki, ila ni Ibara ya 60: linahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, mara mbili, likisomwa mara ya pili na mara ya tatu. Hilo waungeni mkono wengine. Nyinyi chukueni yanayopita kwa sheria ya kawaida. La kwanza, Tume iweke hadharani picha ya fomu ya kila kituo. La pili, kura ya LC1 iwe ya siri. Mwaka 2018 tulipanga mstari nyuma ya wagombea, mwenye duka akimwangalia mdaiwa wake amesimama wapi. Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya mpaka, waliuona mlolongo kama huo mwaka 1988, waulizeni.

Mbunge mmoja anaweza kuwasilisha muswada binafsi. Utakwama kwenye cheti cha Wizara ya Fedha kinachoonyesha gharama za muswada, basi mwekeni kwenye kalenda: sheria ya fedha ya 2015 inakihesabu cheti kuwa kimetolewa siku 60 zikipita tangu kiombwe. Asipoomba kwa maandishi yenye tarehe, siku hizo hazianzi. Na msimpe kalamu anayewaambia mkusanye sahihi za kumrudisha mbunge nyumbani. Tangu 2005 haki hiyo ipo chini ya mfumo wa Muvumenti tu, ule wa siasa bila vyama, ambao hatuko nao.

Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ilipendekeza marekebisho ya sheria za uchaguzi yafanywe ndani ya miaka miwili tangu Bunge jipya kuanza. Bunge huapishwa Mei. Hesabuni miezi 24 kutoka hapo, na rasimu yenu iwe mezani kwa mbunge kabla ya miezi 6 ya kwanza kupita, maana sheria za 2020 zilikuja uchaguzi ukiwa mlangoni na hakuna aliyepata muda wa kuzisoma vizuri.

Kikao kijacho leteni orodha ya vituo vyote vya parishi zenu, majina mawili mbele ya kila kituo. Penye nafasi tupu, tutajua pa kuanzia.

Mzee wenu,
Busia