Mvinyo wa Sardinia na samaki wa Mtwara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niongezee jambo kwenye makala ya mapishi iliyowashauri wenye hoteli za pwani kuwaandalia wageni mvinyo mweupe kila mlo unapokuwa wa samaki. Ushauri huo ni mzuri lakini umeishia njiani, kwa sababu kinachoamua mvinyo upi unafaa ni namna samaki alivyopikwa na kuungwa, kuliko samaki mwenyewe. Nitaeleza kwa kutumia mvinyo ambao wageni wa Kiitaliano huuulizia hapa Mtwara, nao ni Vermentino di Gallura wa kisiwa cha Sardinia.

Gallura iko kaskazini-mashariki mwa kisiwa hicho. Mizabibu yake huota katika udongo wa kichanga uliotokana na kumomonyoka kwa miamba ya granaiti, na hupigwa na upepo mkali wa kaskazini-magharibi ambao hukausha majani na kupunguza ukungu. Tangu 1996 mvinyo huo una daraja la juu kabisa katika sheria za mvinyo za Italia, na kwa Sardinia ndio pekee uliopewa daraja hilo. Kanuni zake zinadai angalau asilimia 95 ya zabibu ziwe za Vermentino. Ni mvinyo usio na utamu wa sukari, wenye harufu ya limau na majani ya porini, na ukishaumeza huacha uchungu mwepesi kama wa lozi. Uchungu huo ndio unaonivutia kuliko yote, kwani ukiuandamanisha na korosho zetu zilizokaangwa kwa chumvi, kila kimoja humwongezea mlaji hamu ya kingine.

Wasardinia wenyewe huunywa na chaza waliopikwa pamoja na fregola, ambazo ni chembe za ngano zilizookwa, au na mayai ya mkizi yaliyotiwa chumvi na kukaushwa, ambayo mji wa Cabras unasifika kwayo. Vyakula hivyo vina chumvi na mafuta ya zeituni, wala havina viungo vikali. Kwa kipimo hicho, pweza aliyechemshwa hadi akalainika kisha akapitishwa juu ya mkaa, changu wa kuchoma aliyepakwa chumvi na ndimu tu, na ngisi wa kukaanga haraka, wote wanaustahili mvinyo huu, hata wakiandaliwa na ming'oko ya kuchemsha.

Mambo hubadilika samaki huyo huyo anapoingia kwenye mchuzi. Pilipili huufanya ukali wa kileo uwake kinywani, na tui zito huifunika ile harufu ya limau ambayo mgeni ameilipia. Sisemi tuache kupaka samaki wetu nazi, maana hiyo ndiyo sifa ya jiko la Kusini. Nasema mpishi atumie tui jepesi na kuiweka pilipili pembeni, au mhudumu apendekeze mvinyo mwingine. Mwenye kupata Etna Bianco wa Sicily, unaotokana hasa na zabibu za Carricante katika miteremko ya volkano ya Etna, atauona unalimudu tui vizuri zaidi kwa sababu uchachu wake ni mkali. Majirani zangu wengi hawanywi kileo kwa imani yao, na siwashawishi kunywa. Mlo huo huo na dafu baridi unatosha kabisa.

Linaloniumiza zaidi ni utunzaji. Nimeona chupa zikisimamishwa miezi mingi kwenye rafu yenye joto karibu na dirisha, kisha zikitupwa ndani ya friza saa moja kabla ya mgeni kuketi. Joto huuchosha mvinyo, na baridi ya kupita kiasi huiua harufu yake. Chupa ilazwe mahali penye giza na ubaridi, nao mvinyo uandaliwe ukiwa na nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi.

Namwomba mwandishi wa makala ile, atakapoandika tena, auonje mvinyo mweupe wa Dodoma pamoja na changu wa mkaa, kwani huo ndio ambao hoteli zetu nyingi ndogo zinaweza kuununua.

Mpishi,
Shangani, Mtwara