Ukienda Merzouga, mwombe dereva asimame Rissani

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu safari ya siku tatu kutoka Marrakech hadi Fes, ile inayovuka Milima ya Atlas na kulala jangwani Merzouga. Nimefurahi, maana ni nadra magazeti yetu kuandika habari za Moroko zisizokuwa za mpira. Lakini makala iliruka Sijilmasa, magofu ya mji wa kale kando ya Rissani, mahali ambapo, kwa sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki, pana uzito kuliko vituo vyote vya njia ile. Naomba nafasi nipaeleze.

Kazi yangu ni kuongoza watalii Kilwa. Navuka na wageni kwa mashua kutoka Masoko kwenda Kisiwani, tunazunguka Gereza, ile ngome ya kale, na Msikiti Mkuu, tunamalizia Husuni Kubwa, jumba la masultani. Moroko nilikwenda kumwona binti yangu anayesoma Fes. Nilishukia Marrakech, na badala ya kupanda treni nikalipia nafasi kwenye gari la watalii linalozungukia jangwani. Nilikuwa mgeni kama wageni wengine, ila jicho la kazi halikukubali kupumzika.

Siku ya kwanza mliieleza vizuri, sitairudia. Barabara ya Tizi n'Tichka inapanda kwa kona mfululizo hadi mita 2,260, na mwenye kichefuchefu aombe kukaa mbele. Aït Benhaddou, kijiji cha udongo kilichoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987, kinastahili sifa zake. Nilipitisha kiganja kwenye ukuta mmoja nikahisi mabua yaliyochanganywa na udongo, na penye kiraka kipya rangi ilikuwa bado haijashikana na ya zamani. Kwetu wazee walijenga kwa matumbawe na chokaa, na bahari ndiyo inayotula. Wao mvua ndiyo inayowala. Kazi ya kuziba haiishi huku wala kule.

Siku ya pili tulifika korongo la Todra, karibu na Tinghir. Kuta za mwamba zinakwenda juu hadi mita 300 pande zote mbili, na chini panapita kijito cha maji baridi. Pale tulipewa muda mfupi sana. Kisha tukapelekwa kwenye duka la mazulia, tukamiminiwa chai ya mnanaa, na humo tukakaa muda mrefu kuliko tuliokaa korongoni. Erfoud tukasimamishwa tena, safari hii kwa wachonga mawe yenye mabaki ya viumbe wa bahari ya kale. Kampuni siitaji jina, maana mtindo huu si wa kampuni moja, na naujua hata kwetu: mwenye duka humpa kamisheni anayemletea wateja. Dereva wetu alikuwa mtu mwema na makini barabarani. Ratiba kaandikiwa na watu wa ofisini.

Ndipo tukaingia Rissani. Gari lilipunguza mwendo kwa sababu ya punda na mikokoteni, likaendelea, maana ngamia wa Merzouga wanatakiwa kupandwa kabla jua halijazama. Nikamwomba dereva asimame Sijilmasa. Akanitazama kwenye kioo, akaniuliza kama mimi ni mwalimu. Abiria wenzangu walikubali, Mungu awabariki, tukapewa robo saa.

Sijilmasa iko pembeni tu mwa Rissani. Ni uwanda wa vumbi wenye vipande vya kuta za udongo vilivyosimama kimoja huku, kingine kule. Sikuona kibao wala mlinzi. Mbuzi walikuwa wanatafuna miba kando ya ukuta. Nilipoinama niliona vigae vya vyungu vimetapakaa ardhini, kimoja bado kina rangi ya kijani inayong'aa upande mmoja. Nilikiacha pale pale, kama ninavyowaambia wageni wangu Kisiwani kila siku.

Mji huo ulianzishwa mwaka 757, miaka zaidi ya 30 kabla ya Fes yenyewe. Kwa karne nyingi misafara ilitoka hapo ikapita machimbo ya chumvi ya Taghaza, ikavuka Sahara hadi nchi ya Mali na kurudi na dhahabu. Kilwa nayo ilitajirika kwa dhahabu, ile ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo. Mmoja ulikuwa bandari ya bahari, mwingine bandari ya mchanga, na yuko msafiri aliyepokewa katika yote miwili.

Huyo ni Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier huko huko Moroko. Mwaka 1331 alifika Mombasa, akaendelea hadi Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye anayehusishwa na ujenzi wa Husuni Kubwa. Hakuna mgeni ninayemvusha asiyelisikia jina lake. Miaka 20 baadaye alikuwa Sijilmasa. Alinunua ngamia na malisho yao ya miezi minne, akazisifia tende za mji, akakaa kwa mwanachuoni aitwaye al-Bushri, ambaye nduguye alikuwa amekutana naye Uchina. Februari 1352 akaondoka na msafara kwenda Mali. Hayo yote yalitokea hatua chache kutoka barabara tuliyopita na magari ya watalii. Ndiyo maana nasema robo saa haitoshi, na kupita bila kusimama ni kumnyima msafiri wa Kiafrika sehemu ya habari zake mwenyewe.

Usiku wa Merzouga kila mtu anausimulia. Vilima vya mchanga vya Erg Chebbi vinafika kama mita 150, ni vizuri kweli, na alfajiri mchanga ni wa baridi kali, mtu abebe soksi. Ninachotaka kusema ni kwamba kilomita chache kusini mwake kipo kijiji cha Khamlia, cha Wagnawa, vizazi vya watu waliovushwa jangwani wakiwa watumwa. Hatukufika, maana siku tatu hazikitoshi. Njia zile hazikupitisha dhahabu na chumvi peke yake, na sisi wa Kilwa hatuna haki ya kulisahau hilo: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Ningependa sana kukaa na wazee wa Khamlia nikawasikiliza.

Siku ya tatu tuliamshwa giza bado, na ni siku ya barabara tupu. Tulipita bonde la Ziz lenye mitende, Midelt penye matofaa, kipito cha Zad chenye mwinuko wa mita 2,178, misitu ya mierezi ya Azrou wanamoishi kima wasio na mkia, kisha Ifrane, ndiyo Fes. Wenzangu wengi walilala. Nami nilikuwa nawaza kwamba mwishoni mwa Desemba 1353 Ibn Battuta alitoka Sijilmasa kuelekea Fes hiyo hiyo, akavuka Atlas kwenye theluji. Alikuwa amekwisha kuona theluji ya Bukhara, Samarkand, Khurasan na nchi za Waturuki, na bado akaeleza kwamba hakuwahi kupita njia ngumu kuliko ile. Sisi tulikuwa na hita garini. Jambo hilo lingechukua dakika mbili kusimuliwa na lingewaamsha watu wote.

Tena lina mwendelezo Fes. Sultani Abu Inan wa Moroko ndiye aliyeagiza safari za Ibn Battuta ziandikwe, mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akaziandika, kazi ikakamilika mwaka 1355. Miaka hiyo hiyo sultani huyo alikuwa anajengesha madrasa ya Bou Inania. Nilikwenda huko na binti yangu, tukasimama uani tukitazama vigae na mbao zilizonakshiwa. Nikamwambia kwamba maelezo ya Kilwa tunayowasomea wageni yaliandikwa kwa amri ya aliyejenga pale. Yeye amekaa Fes muda wote huo na hakuwa ameambiwa na mtu. Mji mkongwe wa Fes na magofu yetu ya Kilwa na Songo Mnara viliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka mmoja, 1981.

Mwaka 2030 Moroko, Hispania na Ureno wataandaa Kombe la Dunia, na Waafrika Mashariki wengi watakwenda. Wenye mawakala wa safari nawaomba waanze sasa kuomba ratiba ya siku nne: usiku mmoja zaidi Merzouga, asubuhi ya Khamlia, na saa mbili kamili Sijilmasa. Anayejilipia mwenyewe aandikiane na kampuni kabla ya kutoa pesa, ataje Sijilmasa kwa jina, na aulize vituo vya madukani ni vingapi na kama chakula cha mchana kimo kwenye bei. Mara nyingi hakimo. Dereva si lazima awe mwongoza watalii mwenye leseni, kwa hiyo Fes na Marrakech tafuta mwenye kitambulisho. Rissani ina soko Jumapili, Jumanne na Alhamisi. Ukiweza kupanga, pita siku hizo, ule medfouna, mkate wao wa kujazwa nyama.

Nanyi mkichapa tena ramani ya safari hiyo, naomba muiandike Sijilmasa baina ya Erfoud na Merzouga.

Mwongoza watalii,
Kilwa Masoko