Matuta ya barabara ya Malindi yapakwe rangi

Mhariri,

Wanaosema kigari cha spoti hakifai Pwani hawajatoka Mombasa kwenda Malindi alfajiri na paa limefunguliwa. Ni kama kilomita 120 tu, ukishapita Mtwapa unaingia Vipingo mkonge huku na huku, halafu Kilifi lile daraja la 1991 linakupitisha juu kabisa ya mkono wa bahari, maji ya buluu chini yamejaa mashua, we punguza gia uangalie. Sasa kigari cha spoti kama Mazda MX-5 kiko chini sana na matuta mengine hayana rangi wala kibao, unasikia tu krrr. Wahusika jamani yapakeni rangi, hata watu wa bodaboda wanaanguka hapo usiku.

Msomaji, Kilifi